Kiasi cha Baruti kwa Bunduki ya Wenzo

Wazee wa Pwani, katika zama ambazo gobori lilikuwa silaha ya msasi na ya mlinzi wa shamba pia, walikuwa na neno moja lililobeba maana mbili bila ya kulemewa nazo: kiasi. Kiasi ni kadiri ya kitu isiyopungua wala kuzidi. Na kiasi, vilevile, ni kile kipimo kimoja cha baruti na risasi kinachotosha kupiga bunduki mara moja. Aliyeshindilia gobori kwa mdeki, akitanguliza baruti, akifuatisha kizibo cha makumbi au kitambaa, kisha risasi, alikijua kiasi kwa kiganja chake, na asiyekijua aghalabu alijulishwa na kasiba iliyopasuka mbele ya uso wake. Neno hilo hunirudia kila nifikiripo kazi ya watu wa Marekani ambao mpaka leo hukaa mezani usiku, taa imeinamishwa, wakiziunda kwa mikono yao risasi za bunduki za kuwindia zilizotengenezwa kabla ya babu zao kuzaliwa. Maana kazi yao, toka mwanzo hata mwisho, ni kukitafuta kiasi.

Bunduki ninazozikusudia ni zile zenye wenzo chini ya kifyatulio, kitanzi cha chuma ambamo mpigaji huingiza vidole vitatu, akakisukuma chini na mbele, kisha akakirudisha mahali pake. Na kwa mwendo huo mmoja wa mkono ganda lililokwisha kupigwa hutupwa nje, nyundo ikasimama, na risasi nyingine ikapandishwa katika chemba. Aliyepata kukaa katika sinema akatazama picha za wachunga ng'ombe wa Marekani ameiona, na mlio wake, wa chuma kukwaruza chuma mara mbili, hawezi kuusahau. Benjamin Tyler Henry alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1860, mjini New Haven katika jimbo la Connecticut. Oliver Winchester, mfanyabiashara wa mashati aliyemwajiri, akaipeleka sokoni bunduki ya namna hiyo kwa jina lake mwenyewe. Na John Moses Browning, mwana wa fundi bunduki wa Ogden huko Utah, akaitia nguvu isiyokuwa nayo kwa mifano ya 1886, 1892, 1894 na 1895. Ule wa 1894 peke yake umeundwa zaidi ya mara milioni 7, na wakati kiwanda cha New Haven kilipofungwa mwaka 2006 ulikuwa bado unatoka mlangoni mwake.

Hapa lugha yetu inataka msaada kidogo, kwa kuwa neno risasi limetwikwa mizigo mitatu: ni madini mazito ya kijivu, ni kitu kirukacho kikaua, na ni chombo kizima kiingiacho katika bunduki. Nitaiita risasi chombo kizima. Sehemu zake ni nne: ganda la shaba nyeupe, ambalo ndilo mwili, fataki, kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda, ambacho hutoa moto kikigongwa, baruti, na kichwa kilichobanwa mdomoni mwa ganda, ambacho ndicho kiendacho mbali. Tatu katika hizo huteketea au hupotea kwa mlio mmoja. Ganda hubaki, nalo aghalabu ndilo lenye thamani kuliko zote, na sanaa yote ninayoieleza imejengwa juu ya kubaki kwake.

Bunduki ya Henry haikuipa sanaa hii nafasi, kwani unga wake wa kuwashia ulikuwa umefichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na ukingo huo ukishapondwa na nyundo haufai tena. Mambo yaligeuka pale Winchester walipotoa bunduki ya mwaka 1873 pamoja na risasi yake yenye fataki ya katikati, iliyokuja kuitwa .44-40, yaani yenye upana wa inchi 44 kwa mia na baruti nyeusi ya uzito wa punje 40, ambazo 7,000 zake hufanya ratili moja. Fataki ya katikati hung'olewa ikatiwa nyingine. Mtu aliyeishi mwendo wa siku nyingi kutoka dukani aliweza basi kuokota maganda yake, akanunua mkebe wa baruti, akayeyusha madini ya risasi motoni pake, na akarudi mawindoni. Mwaka 1884 John Barlow alianza kuuza, kwa jina la Ideal, chombo kilichofanana na koleo, chepesi cha kutiwa katika mfuko wa farasi, kilichofanya karibu kazi yote hiyo. Kampuni ya Lyman iliinunua biashara ile mwaka 1925, na vyombo vya ukoo huo bado huonekana mezani mwa watu.

Lakini muradi wa kazi umebadilika. Mtu wa 1884 alijiundia risasi kwa sababu duka lilikuwa mbali. Mtu wa leo hujiundia kwa sababu duka limeisahau bunduki yake. Sijui mfano wa karibu nasi kuliko ule uliopita katika bandari yetu. Tarehe 21 Aprili mwaka 1909 meli ya Kijerumani iitwayo Admiral ilitia nanga Mombasa, na miongoni mwa abiria wake alikuwamo Theodore Roosevelt, ambaye hazikuwa zimetimia wiki saba tangu atoke katika urais wa Marekani. Alikuja na mwanawe Kermit kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington, na katika shehena iliyopanda reli kwenda bara, ikapokewa vichwani na wapagazi waliosemeshana kwa lugha yetu hii, zilikuwamo bunduki za wenzo za Winchester za mfano wa 1895, za risasi iitwayo .405. Risasi hiyo ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa punje 300, yaani gramu 19 na kitu, na kwa bunduki ya wenzo ya siku zile ilikuwa na nguvu za kutisha. Roosevelt aliiamini kwa simba kuliko bunduki nyingine yoyote aliyokuja nayo, na kitabu chake cha safari ile, kilichotoka mwaka 1910, kiliieneza sifa hiyo kote. Hesabu aliyoiandika ya wanyama waliouawa naye na mwanawe ni 512. Mimi siwezi kuipita hesabu hiyo bila ya moyo kusita, wala sidhani kwamba msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, ataweza.

Basi bunduki hiyo mashuhuri ikapatwa na nini? Katika miaka ya 1930 kiwanda kiliacha kuiunda. Baada ya Vita Vikuu vya Pili risasi zake nazo zikaachwa, na waliokuwa na bunduki hizo kabatini, warithi wa wawindaji wa Alaska na Montana, wakajikuta na chuma kizuri kilichopakwa mafuta, kisicho na kasoro, ambacho hakiwezi kupiga. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya thamani. Wengi waliridhika kuitundika ukutani. Wachache hawakuridhika, nao ndio ninaowapenda katika habari hii: wakachukua maganda ya risasi ya zamani ya jeshi la Marekani, ile .30-40, ambayo kitako chake ni ndugu wa .405, wakayapanua midomo, na kwa kuwa yalikuwa mafupi kwa karibu milimita 7 wakajifunza kuishi na upungufu huo. Wengine wakapeleka fito za shaba nyeupe kwa mkerezaji, zikakerezwa ganda moja moja. Kwa taabu ya namna hiyo .405 ikavuka nusu karne, hata mwanzoni mwa karne hii, Winchester ilipoiuza upya bunduki ile, ikiwa imeundwa Japani, na kampuni ya Hornady ikaanza tena kutoa maganda na risasi zake. Naamini kwamba pasipokuwa na wale wachache, hakuna mwenye kiwanda ambaye angekumbuka kuna kitu cha kufufua.

Sasa tumsogelee mtu huyo mezani. Kitu cha kwanza mkononi mwake ni waya mwembamba uliopindwa nchani ukawa kama kucha. Huuingiza ndani ya ganda kuukuu, akaukokota taratibu ukutani kutoka chini kwenda juu, macho ameyafumba, kwa kuwa anachokitafuta hakionekani: ni mfuo mwembamba unaozunguka ndani ya ganda karibu na kitako, mahali ambapo shaba imenyooshwa ikakonda. Bunduki nyingi za wenzo hufunga komeo lake kwa nyuma, mbali na chemba, si kwa mbele kama zile za jeshi, na kwa hivyo chuma chenyewe huregea kidogo mlio upitapo, na ganda hurefuka kila lipigwapo. Kucha ya waya ikikwama katika mfuo huo, ganda hilo hupondwa kwa koleo papo hapo lisije likarudi kundini kwa kusahauliwa, kwani safari ijayo lingekatika pande mbili, kitako kikatoka na mwili ukabaki chemba, na moto ukatafuta njia kuelekea kwenye jicho la mpigaji.

Maganda yaliyosalimika husafishwa, hupakwa mafuta haba, na husukumwa moja moja katika shinikizo, ambalo ni ndugu mdogo wa lile la kukamulia miwa, lililofungwa imara kwenye ubao wa meza. Ndani yake imo kalibu ya chuma kigumu iliyochongwa kwa kipimo cha risasi hiyo. Ganda lililovimba kwa mlio wa kwanza huingia kwa ukinzani, hutoka limerudishwa unene wake wa asili, na katika mwendo huohuo pini iliyo ndani ya kalibu huing'oa fataki iliyokufa, ikaanguka ndani ya kopo kwa mlio mdogo. Kisha ganda hupimwa urefu, likatwe likizidi, na fataki mpya hubonyezwa mahali pake mpaka ikae chini kidogo ya uso wa kitako. Mwenye kazi huipitishia ncha ya kidole. Ikichomoza hata unywele, hairuhusu kupita, na sababu yake tutaiona.

Baruti ndiyo iliyoua watu. Bunduki za mwanzo zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ile ya chumvi ya shura, makaa na kiberiti, ambayo ganda lilijazwa mpaka juu, na aliyezidisha hakupata mahali pa kuzidishia. Baruti isiyo moshi, ambayo Winchester waliiingiza katika risasi za kuwindia mwaka 1895 kwa ile .30-30 ya bunduki ya 1894, ina nguvu maradufu na zaidi kwa uzito uleule, na kwa hivyo katika ganda kubwa la kale, kama lile la .45-70, kiasi chake hulala chini kama unga katika mtungi mtupu. Humo mumefichwa hatari mbili. Ya kwanza ni ya mjinga anayejaza ganda kama alivyofanya babu yake. Ya pili ni ya mjuzi aliyechoka: akitia kiasi, simu ikalia, akarudi akatia tena katika ganda lilelile, hakuna kitakachomwagika kumwonya. Ndiyo sababu maganda yaliyotiwa baruti husimamishwa katika ubao wenye mashimo, mdomo juu, na mwenye kazi hupitisha taa juu yao akichungulia moja baada ya moja, akilinganisha kimo cha kivuli kwa kivuli. Nimewasikia watu wakiidhihaki hadhari hiyo kuwa ni woga. Si woga, mzinga wa chuma uliopasuka haumpi mtu wasaa wa kutubu.

Kipimo chenyewe hakikisiwi. Hutolewa katika vitabu vya wenye viwanda vya baruti, waliokipima kwa vyombo vya kushika mkandamizo wa moto, kikahesabiwa kwa punje na sehemu ya kumi ya punje kwenye mizani ndogo iliyokingwa na upepo wa feni. Na hata humo, bunduki ya 1873, ambayo viungo vyake hujikunja kama goti, haipewi kiasi kinachopewa ile ya 1892, ambayo komeo lake hushikwa na nguzo mbili za chuma, ingawa risasi ya zote mbili ni hiyohiyo .44-40 na hutoka katika sanduku moja. Mwenye bunduki kongwe huanzia chini kabisa, na wengi hubaki hukohuko. Ng'ombe mzee halimishwi shamba la fahali.

Kichwa cha risasi kina hadithi yake, na humo bunduki ya wenzo imewatesa watu kuliko bunduki yoyote. Magazini yake, katika mifano mingi, ni mrija ulio chini ya kasiba, ambamo risasi hulala kwa mstari, pua ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Bunduki ipigapo teke, mstari wote hugongana. Pua ikiwa kali, yaweza kuigonga fataki iliyo mbele kama nyundo ya bunduki inavyoigonga, na mrija mzima ukawaka mkononi mwa mtu. Ndipo vichwa vya bunduki hizi vikafanywa butu, bapa juu kama kisigino, na ndiyo sababu ya kile kidole kinachopapasa fataki isichomoze. Teke hilohilo, pamoja na springi ya mrija, hukisukuma kichwa kirudi ndani ya ganda, kwa hiyo mdomo wa ganda hukunjwa ndani kidogo ukabana katika mfuo uliozungushwa kichwani. Browning aliikwepa taabu yote hiyo katika mfano wa 1895 kwa kuweka magazini ya kisanduku chini ya chemba, risasi zikalala moja juu ya nyingine. Na miaka mia moja na zaidi baadaye Hornady wakaja na njia nyingine, pua kali ya mpira laini unaobonyea badala ya kugonga.

Wapo wasiotosheka kununua vichwa, wakavisubu wenyewe. Kabla ya kusubu hupima kasiba: kipande cha risasi laini husukumwa kwa fimbo kutoka mwanzo hadi mwisho wa kasiba, kikatoka kimechongwa na mifuo yake, kikapimwa kwa elfu za inchi, kwani kasiba za zamani za jina moja huhitilafiana, na kichwa chembamba kuliko kasiba yake huyumba hewani na kuacha madini yameganda njiani. Chungu cha chuma huwekwa motoni. Madini ya risasi huyeyuka kwenye digrii 327. Hutiwa bati kidogo ili yaujaze uvungu wa kalibu vizuri, na antimoni ili yawe magumu. Vichwa vya kwanza hutoka na makunyanzi kwa kuwa kalibu bado baridi, hurudishwa chunguni; kalibu ikipata joto lake, vinavyofuata hudondoka juu ya kitambaa, vinang'aa kama samaki wadogo waliomwagwa kutoka wavuni, na vikipoa hupakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Tone moja la maji, au la jasho, likiingia chunguni hugeuka mvuke kwa dharuba na kuutupa moto wote usoni. Dirisha huwa wazi na mikono huoshwa kabla ya kula, maana risasi ni sumu ya polepole.

Sumu hiyo sasa imeingia katika sheria. Tangu tarehe 1 Julai mwaka 2019 jimbo la California halimruhusu mwindaji kutumia risasi ya madini ya risasi, kwa sababu tai wakubwa wa huko, makondori, walikuwa wakila mizoga yenye vipande vyake wakafa. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki, ingawa nawahurumia wenye bunduki kongwe, kwa kuwa kichwa cha shaba nyekundu ni chepesi, na ili kifikie uzito uleule hakina budi kurefuka, na kikirefuka hula nafasi ya baruti ndani ya ganda au hukataa kupita katika mlango wa magazini. Siku za korona nazo ziliwaletea dhiki nyingine: fataki ziliadimika madukani Marekani kote, na fataki ni miongoni mwa sehemu za risasi zisizoundika mezani kwa salama. Huku kwetu Afrika Mashariki kuunda risasi si kazi ya raia mezani pake, ni kazi ya mwenye idhini ya serikali, na sioni ubaya wa hilo. Lakini ustadi wa watu wale una haki ya kujulikana.

Asubuhi ya kujaribu, mwenye bunduki huenda uwanja wa shabaha na risasi kumi na mbili tu katika kisanduku, na daftari lenye tarehe, aina ya baruti, uzito wa kiasi, uzito wa kichwa, na idadi ya mara ambazo maganda yale yamekwisha kupigwa. Huketi, hulenga, hupiga moja. Hatazami shabaha kwanza. Huushusha wenzo polepole, akalipokea ganda kwa kiganja kabla halijaanguka majanini, likiwa bado na joto la kikombe cha chai, akaligeuza kitako juu kwenye jua na kuitazama fataki: kama imebondeka ikawa bapa, kiasi kimezidi, kama pembe zake zingali za mviringo, na alama ya pini ya bunduki ni kishimo safi katikati, huandika neno moja daftarini, akalitia ganda katika mfuko wa shati, na kuuvuta wenzo urudi.